Jirani mpya akihamia, nenda ukamwombe chumvi

Mwaka juzi familia moja kutoka Ituri, Kongo, ilihamia nyumba ya pili kutoka kwetu, hapa Oli, mtaa wa mji wa Arua, Uganda. Mama, watoto wanne, magodoro mawili na sufuria. Mtaani kwetu mgeni haendewi mikono mitupu, kwa hiyo siku ileile tukampelekea unga wa muhogo, sabuni, na nguo zilizowabana watoto wetu. Wiki iliyofuata tukapeleka tena. Alipokea kwa mikono miwili, "Aksanti sana, yaya," kisha mlango ukafungwa. Nikaanza kunung'unika kwamba mama huyu anaringa.

Mama yangu alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza, "Na wewe umewahi kumwomba nini?"

Anajua anachosema. Sisi ni Wanubi; mababu zetu walikuwa askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa kusini mwa Sudan, na Lugard, yule afisa Mwingereza, ndiye aliyewaleta Uganda mwaka 1891. Wageni tangu zamani, ukipenda. Halafu 1979, Amin alipoangushwa, watu wa huku walikimbilia Sudan na Zaire, na mimi nikazaliwa Yei, ukimbizini. Mama anasema kule walipewa vitu vingi, na kushukuru kila siku kulimchosha kuliko njaa. Jirani anayemkumbuka hadi leo ni mwanamke aliyekuja jioni moja kuazima kinu. "Nilikuwa na kinu, mwanangu! Mimi! Akaja kwangu."

Basi nikaenda kwa mama wa Ituri kuomba chumvi. Nyumbani ninayo tele, Mungu anisamehe. Akanimiminia kwenye kipande cha gazeti, nyingi kuliko nilivyotaka, akavuta kigoda na kunifutia vumbi kwa upindo wa kitenge. Nilikaa mpaka magharibi. Siku mbili baadaye alituma mtoto kwangu kuazima ungo.

Watu hupenda kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na husema kwa kejeli, kama vile wanamfukuza. Mimi siku hizi naisikia vingine kabisa. Ukishampa mtu jembe, umemhesabu kati ya wanaolima.

Ndiyo maana zile sherehe za utamaduni zinanipa shaka kidogo. Ngoma nazipenda, na nikisikia doluka, ngoma yetu ya Kinubi, miguu haitulii. Lakini mara nyingi wageni huchezeshwa katikati, wenyeji wakapiga picha, jioni kila mtu akarudi kwake bila kujua jina la aliyecheza. Afadhali jiko. Kuna mama wa Sudan Kusini karibu na kisima ambaye nilimkuta akipika kisira, mkate wao mwembamba. Alimwaga uji uliochachuka kwenye bamba la chuma, akautandaza kwa kipande cha plastiki alichokikata kwenye jerikani, mara moja, ukawa mwembamba kama karatasi, akaubandua kwa ncha za vidole. Bibi yangu alitandaza hivyohivyo, ila yeye alitumia ukuti. Nikamwomba anipishe nijaribu. Cha kwanza kikachanika, cha pili kikaungua, na alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku ile hanipiti njiani bila kuniuliza kama nimejifunza kupika.

Mambo madogo nayo yana uzito. Mtembeze mgeni mwenyewe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, usimwelekeze kwa kidole. Mwambie zamu ya maji inakwendaje na nani ana ufunguo wa pampu. Mwambie nauli: kutoka stendi hadi kwetu bodaboda ilikuwa elfu moja, yeye walimtoza elfu nne. Na Kiswahili chake usikicheke. Jirani yangu aliomba lenga-lenga sokoni, muuza mboga mmoja aliyetoka Masaka akamwita mwenzake aje asikie. Kumbe ni dodo tu, yaani mchicha, imelala pale mbele yao. Angeuliza tu, naye angejifunza neno jipya bure.

Usimuulize alikimbia nini. Nilimuuliza siku ya pili, mbele ya watoto, na bado naona haya. Akitaka kusema atasema, pengine mkichambua maharagwe, na wewe endelea kuchambua.

Lakini kosa letu kubwa lilikuwa kwenye kikundi cha akiba. Tulikuwa wanawake kama ishirini hivi, tunakutana kila Jumapili, na nilipopendekeza aingie nikajibiwa, "Mkimbizi huyo, atarudi kwao na hela zetu." Nikawaambia Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu kufanya kazi na kutembea nchini, na cherehani yake kila mtu anaisikia mpaka usiku. Sheria haikumgusa mtu. Kilichowagusa ni pale mmoja wetu alipokumbusha kwamba mwanachama aliyewahi kutoroka na mkopo alikuwa mzaliwa wa Oli, tena shemeji wa mtu aliyekaa palepale. Kimya kikatanda. Akaingia.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Mwaka huu tulipogawana vyeo upya, ufunguo mmoja ulikwenda kwake. Anauvaa shingoni kwa uzi mwekundu. Jumapili iliyopita alichelewa, mtoto alikuwa na homa, tukakaa nusu saa chini ya mwembe tukilitazama sanduku, na yule aliyempinga zaidi ya wote ndiye aliyekuwa akichungulia njia: "Huyu mama yuko wapi? Bila yeye hatuwezi kuanza."