Bima kwanza, bahari baadaye

Nikiwaambia watu wa rika langu kwamba niliacha kazi Nairobi nikahamia Kilifi, swali la kwanza huwa kodi ya nyumba, la pili joto. Bima ya afya huulizwa mwisho, tena na wachache, ilhali ndiyo iliyoamua nihame lini, nikae wapi na nibakishe pesa ngapi benki. Mimi nimevuka hamsini, sijaolewa, sina mtoto, nina presha, na nina magoti ambayo miaka yote niliyoishi Limuru yalikuwa yakikaza ukungu wa Julai ukitanda. Daktari hakuniambia nihame. Alisema tu joto halingenidhuru, nami nikalichukua hilo kama ruhusa.

Asiye na mwenzi ana shida moja ya bima ambayo wenye ndoa huwa hawaioni. Mke akiacha kazi anaingia kwenye kadi ya mume, na mume vivyo hivyo. Sisi tukiacha kazi, kadi ya kazini inakufa siku ya mwisho ya ajira na hakuna nyingine ya kujishikiza. Isitoshe, kwenye bei za kampuni binafsi mwanachama mkuu ndiye wa bei ya juu, mume au mke na watoto huongezwa kwa nafuu kidogo. Ukiwa peke yako, wewe ndiye mwanachama mkuu, na mzigo wote ni wako.

Tuanze na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, maana hiyo ni ya lazima na ndiyo msingi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 100,000 aliyekuwa akikatwa 1,700 enzi za NHIF sasa hukatwa 2,750. Mwenzako mwenye mke na watoto sita hulipa kiasi hichohicho. Nililalamika kuhusu hilo wiki nzima, kisha nikaacha; mfuko wa pamoja ndivyo ulivyo.

Mambo hubadilika ukitoka kwenye ajira. Hakuna tena wa kukukata, kwa hiyo unaingia kwenye akaunti yako kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu na kujibu maswali kuhusu kaya yako: paa la nyumba, choo, unapikia nini, taa zako ni za nini. Majibu hayo ndiyo yanayotumika kukadiria mchango wako, na mchango wenyewe hulipwa wa mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Hapa mseja aliyepanga nyumba nzuri ya mawe, yenye maji ya mfereji na umeme, anaweza kuonekana tajiri kwenye fomu hata kama mwezi huo amelipwa na mteja mmoja tu. Mimi hufanyia wafanyabiashara hesabu kwa intaneti, na kuna miezi simu hainong'oni hata kidogo. Jibu ukweli, lakini fedha za mwaka huo wa kwanza zitenge ukiwa bado unapokea mshahara. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa anayeshindwa kutoa zote mara moja; kwangu huo ni mlango wa dharura, maana ni mkopo.

Mchango huo unakupa nini? Kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, aliyesajiliwa hutibiwa bila kulipa kupitia Mfuko wa Afya ya Msingi. Huko ndiko ninakopimwa presha. Kulazwa ndiko kwenye hesabu nzito. Kiwango cha kulazwa katika hospitali ya ngazi ya 4 kiliwekwa shilingi 3,360 kwa siku. Kwenye hospitali ya umma kinasaidia sana. Kwenye hospitali binafsi yenye kitanda cha bei ya hoteli kinapunguza bili tu, na kinachobaki ni chako. Ndiyo maana sikutegemea SHA peke yake, wala sikununua bima binafsi ya kila kitu. Nilichukua ya kulazwa pekee. Homa, kikohozi, jino na miwani nalipa mwenyewe, kwa sababu bima ya matibabu ya nje, yaani yasiyo ya kulazwa, katika umri huu ilikuwa inaongeza bei kwa kiasi ambacho mimi, kwa mwaka wa kawaida, sikitumii hospitalini.

Sasa jambo lenyewe hasa, ambalo ningependa lisomwe mara mbili: muda wa kungojea. Bima binafsi haianzi kukulinda kikamilifu siku unapolipa. Kwa kawaida maradhi ya ghafla hungojewa mwezi mmoja, magonjwa ya upasuaji miezi miwili, na ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga hungojewa mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Ajali ndiyo hushughulikiwa tangu mwanzo. Soma mkataba wako, maana kila kampuni ina yake, lakini mpangilio ndio huo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliacha kazi mwezi wa Desemba akasema bima atanunua akishatulia Malindi. Alitulia, akanunua, na wiki chache baadaye mawe ya nyongo yakamwangusha. Upasuaji ulikuwa ndani ya muda wa kungojea. Kampuni haikumdhulumu, ilimwonyesha ukurasa aliotia sahihi. Bili yote ililipwa kwa mkopo wa Sacco ambao bado anaulipa.

Kwa hiyo nunua bima yako binafsi ukiwa bado kazini. Najua inauma kulipa mbili kwa wakati mmoja. Mimi nilizibeba zote, ya kazini na yangu, ili muda wa kungojea uniishie nikiwa bado chini ya mwavuli wa mwajiri. Barua ya kujiuzulu niliiandika baada ya hapo. Kama huwezi kulipia zote mbili, nenda ofisi ya wafanyakazi uulize jina la kampuni inayowahudumia, kisha uiulize kampuni kama mtu anayetoka kwenye bima ya kikundi anaweza kuendelea kama mtu binafsi bila kuanza kungojea upya. Baadhi hukubali, mradi uombe mapema, na jibu hilo litake kwa barua pepe. Njia nyingine ni kikundi: Sacco, chama cha taaluma yako, hata kanisa au msikiti wenye mpango wa pamoja. Bima ya kikundi mara nyingi hulegeza masharti ya maradhi ya zamani kuliko ya mtu mmoja mmoja, na kwa sisi tusio na familia ya kuandikisha, chama ndicho kinachotupa idadi.

Na usikae ukisubiri upungukiwe na afya ndipo ukumbuke. Kampuni nyingi zinafunga mlango kwa wanachama wapya wakifika 60 au 65. Aliyeingia mapema huendelea kuhuishiwa. Anayebisha hodi akiwa na 66 husikilizwa kwa heshima na kuonyeshwa mlango.

Kuhusu fomu: wakala mmoja aliyenijia na kabrasha lake zuri alinong'ona, "Dada, hapa kwenye presha weka hapana, utalipa kidogo." Nikaweka ndiyo, nikaandika na majina ya dawa. Bei ilipanda, nikangojea mwaka wangu. Lakini siku kampuni itakapoomba faili langu la Limuru, na huwa wanaliomba bili ikiwa kubwa, haitakuta kitu nilichoficha. Wakala hupata asilimia yake siku unapolipa, naye hatakuwepo kwenye dirisha la hospitali.

Dirisha hilo ndilo lililonichagulia nyumba. Orodha ya hospitali zinazopokea kadi huwa ndefu na inapendeza, ila hospitali iliyo karibu na kitanda chako ndiyo ya maana. Kabla ya kulipa amana ya nyumba, nilikwenda mwenyewe kwenye dirisha la bima la hospitali niliyoitaka na kumpa kijana kadi yangu. Akaigeuza, akaitazama nyuma, akaniambia, "Mama, hii tunaipokea, lakini kwa kulazwa tu, na lazima barua ya idhini itoke Nairobi. Ukija usiku, unaweka amana, asubuhi tunakurudishia ikithibitishwa." Maneno hayo hayakuwa kwenye kijitabu chochote. Nikajua ninahitaji amana ya usiku mmoja iliyokaa tayari kwenye M-Pesa au benki, na hadi leo sigusi fedha hizo hata gesi ikiisha.

Kilifi ina hospitali ya kaunti, na kwa mambo makubwa zaidi unaelekea Mombasa, takriban kilomita 60, kwenye hospitali kama Aga Khan, Pandya, Mombasa Hospital au ile kuu ya umma ya Makadara, Coast General. Kilomita 60 si mbali kwenye ramani. Zipite saa kumi na moja jioni ukikaribia daraja la Mtwapa ndipo uzihesabu. Mtu mwenye moyo dhaifu au anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki asiishi Kilifi kwa sababu ya mandhari; atafute Bamburi, Kisauni au Nyali ikiwa mfuko unaruhusu. Anayeipenda Diani, kusini mwa Mombasa, akumbuke kwamba hospitali za kisiwani Mombasa ziko ng'ambo ya kivuko cha Likoni, ingawa siku hizi barabara ya Dongo Kundu imempa njia nyingine. Uliza pia kama ambulensi imo ndani ya bima yako, na kama ni ya kutoka nyumbani au ya kuhamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine tu.

Joto nalo lina mambo yake ya kitabibu. Mtu wa bara, hasa wa nyanda za juu, hana kinga ya malaria kama aliyekulia Pwani, kwa hiyo chandarua si pambo, na homa haingojwi ipite. Kama dawa yako ya presha ni ya kupunguza maji mwilini, mwone daktari kabla ya kuhama, kwa sababu fukuto la Pwani linakukamua jasho juu ya kile kidonge, na unaweza kujikuta unaona kizunguzungu ukiinuka kitandani. Tazama pia kisanduku cha dawa. Changu kimeandikwa kihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na mwezi wa Machi chumba changu hupita hapo saa nne asubuhi. Dawa zangu hukaa kwenye mtungi wa udongo, juu ya rafu iliyo mbali na dirisha, ndani ya mfuko usiopitisha unyevu. Magoti? Yamelegea, nashuka ngazi bila kushika ukuta. Baridi yabisi haijaondoka, imepunguza kelele tu.

Kaka yangu aliniuliza swali ambalo kila mseja huulizwa: "Huko peke yako, nani atakupeleka hospitali usiku?" Ni swali la haki na linahitaji jibu lenye majina. Langu ni hili. Mama mwenye nyumba, ambaye mlango wake unaangaliana na wangu, ana bahasha yenye nakala ya kitambulisho, kadi ya bima, nambari ya SHA, majina ya dawa na simu ya mpwa wangu. Ameiweka kabatini pamoja na hati zake mwenyewe. Dereva wa tuktuk anayelala mtaa huohuo tumekubaliana bei ya usiku. Mpwa wangu ndiye niliyemwandikisha hospitalini kama jamaa wa karibu, na yeye anajua. Wengi huandika jina la ndugu ambaye hajawahi kuambiwa. Kama una wazazi unaowatunza, kumbuka SHA haiwaweki chini ya jina lako. Wao hujisajili na kuchangia kivyao, hata kama mlipaji ni wewe, kwa hiyo kwenye bajeti yako ya mwaka hiyo ni kaya ya pili.

Kama unauliza mwezi wa kuhama, njoo Juni au Julai, kusi ikivuma. Hewa ni ya kupumua, na mwili unapata miezi ya kuzoea kabla ya kaskazi kufika Desemba na lile joto la Februari na Machi. Panga nyumba kwanza, hata kama akiba yako ya kustaafu inakuwasha mkononi na kila bodaboda ana mjomba anayeuza ploti. Ukiivuka Machi bado unapataka, ndipo uanze kutafuta, na hati ichunguzwe kwenye ofisi ya usajili wa ardhi kabla hujampa mtu yeyote shilingi.