Je, tindikali ya bahari inawapoteza dagaa wa Kigoma?
Ndugu uliyeuliza kama dagaa wetu wa Kigoma wanapungua kwa sababu ya tindikali inayovuruga tabia za samaki baharini, jibu langu ni hapana. Ni kweli kwamba bahari hufyonza hewa ya ukaa, hata pH (kipimo kinachoshuka maji yanapozidi kuwa na tindikali) ya maji ya juu imeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1, na majaribio ya mwaka 2009 yalionyesha samaki wachanga wa matumbawe wakikosea harufu ya makazi yao. Lakini utafiti mpana wa mwaka 2020 ulikuta athari ndogo mno katika tabia zao. Tena dagaa wetu hawaishi baharini bali Ziwa Tanganyika, lenye pH karibu 9, yaani maji yake yako mbali na tindikali. Kinachonitia hofu hasa ni joto, ambalo huzuia maji ya juu yasichanganyike na yale ya chini yenye virutubisho.