Kuhamisha karakana: anza na umeme

Jengo letu lilipotakiwa kukarabatiwa, idara ya uhandisi ya chuo chetu ilihama kisiwani Lamu ikaenda kwenye godauni la kupanga Mokowe, ng'ambo ya maji upande wa bara. Mimi ndiye niliyesimamia karakana. Ukinijia leo kuniuliza uanzie wapi, nitakwambia umeme, kabla hata ya kutafuta mashua.

Mwenye godauni alituambia, "Umeme upo, mwalimu." Upo kweli, lakini wa fezi moja, yaani waya mmoja tu wenye umeme, volti 240. Mashine yetu ya kukereza vyuma inataka fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, volti 415. Vijana wakakaa karibu miezi miwili wakisoma nadharia tu, na mtihani wa vitendo uko mlangoni. Jambo hilo liliniuma sana, linaniuma bado. Kwa hiyo usitie sahihi mkataba mpaka fundi umeme wako afungue boksi la mita, nawe umesimama hapo hapo ukiangalia nyaya zinazoingia.

Siku ya kuvuka usiipange kwa ratiba ya chuo. Muulize nahodha. Maji yakipwa, mashua hukaa chini mno ya gati, na chuma kizito namna ile hakishushwi kwa nguvu za mahamali. Tulingoja maji yajae hadi ukingo wa mashua ukalingana na gati, tukaiviringisha mashine juu ya vipande vya bomba, kidogo kidogo, nahodha akituhimiza, "Polepole, wanangu!" Sehemu zote za chuma kitupu tulikuwa tumeshazipaka grisi nzito, maana chumvi ya bahari haichelewi kuleta kutu.

La kuogopa zaidi ni pale umeme unapowashwa. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Chaki yetu, yaani kile kishikio kinachozunguka na chuma kinachokerezwa, ni ya kukazwa kwa hesi kama kifuniko cha chupa, na mzunguko wa kinyume unaweza kuifungua ikaruka na kumuua mtu. Iondoe kwanza, watoe wanafunzi nje, ndipo uwashe. Yetu ilizunguka kinyume kweli. Fundi akazima, akabadilisha nyaya mbili, basi.

Vitabu, meza na kompyuta vitafika tu, havina shida.

Mashine ikishakaa, isawazishe kwa pimamaji, kisha ipime tena baada ya wiki moja. Yetu tuliikuta imeinama upande wa mota, ambao ndio mzito, na vyuma vilikuwa vinatoka vimechongoka kama mshumaa.