Mjomba, eti unalipwa kufuta vumbi?

Mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka Unguja. Kamaliza digrii ya historia, kazi hakuna, na kasikia kwa mama yake kwamba mie huku Cardiff, mji wa Wales, nilisomea "kutengeneza vitu vya makumbusho". Anataka kujua mambo matatu: nilisoma nini hasa, pesa ipo, na je, naye aje? Namjibu hapa mbele za watu, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Kwanza, sitengenezi kitu. Nilisomea uhifadhi, yaani kuvizuia vitu vya kale visiendelee kuharibika. Ukimpelekea fundi wa kwetu bakuli lililovunjika, kesho yake unalikuta limeungwa, halafu mjadala umekwisha. Mie nitakaa nalo wiki nzima, na gundi nitakayotia lazima iwe ile ambayo mwenzangu atakayekuja baada ya miaka hamsini ataweza kuiyeyusha kwa asetoni na kuanza upya. Na kabla ya gundi kuna kuandika. Wiki ya kwanza nilipewa msumari wa chuma uliofukuliwa ardhini, umevimba kutu kama kipande cha muhogo wa kuchoma, nikaambiwa niandike hali yake. Niliandika mistari sita nikaona nimemaliza. Mwalimu akanirudishia karatasi: ufa unaanzia wapi, ni wa zamani au wa jana, na haya matone ya rangi ya chai yametoka wapi?

Yale matone ndiyo somo lenyewe. Chumvi ya udongoni imezama ndani ya chuma. Hewa ikiwa na unyevu, chumvi inavuta maji, na chuma kinaendelea kuliwa hata kikiwa kabatini kimefungiwa kwa kufuli. Ng'ambo ya pili ya maji, kule Bristol, ipo meli ya chuma iitwayo SS Great Britain, iliyoshushwa majini 1843 na kuvutwa kutoka visiwa vya Falkland 1970 ikiwa hoi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff ndio waliopima hewa iwe kavu kiasi gani ndipo kutu ile isimame. Leo sehemu ya chini ya meli hiyo inakaa kwenye unyevu wa asilimia 20, mfano wa jangwani, mashine zikivuma usiku na mchana. Nilisimama chini yake nikawaza bili ya umeme. Kisha nikawaza Forodhani, ambako ukilamba mdomo tu unaonja chumvi.

Halafu kuna mate. Usicheke. Unachukua pamba kwenye ncha ya kijiti, unailowesha ulimini, unaizungusha taratibu juu ya uchafu, unaitupa, unachukua nyingine. Mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu kuliko maji matupu, na hii ni kazi halali ya wahifadhi wengi. Nilipomweleza dada yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Miaka miwili hiyo?" Ila ngozi na manyoya yaliyokusanywa zamani huyasogelei bila glavu, maana makumbusho mengi ya Ulaya yalikuwa yakiyatia aseniki kufukuza wadudu. Wadudu wamekufa zamani, sumu bado imo.

Sasa pesa. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza ambao kila mtu ananiandikia kuuhusu, unalipia shahada ya mwaka mmoja. Kozi za fani hii nyingi ni miaka miwili. Ada ya mgeni si ile ya mwenyeji. Kuna pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka, unazilipa pamoja na maombi ya viza hata kabla hujapanda ndege. Muhula ukiwa unaendelea hufanyi kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki. Na tangu Januari 2024, mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya darasani haruhusiwi kuja na mke wala watoto. Wangu walibaki Kikwajuni. Mwanangu alijifunza kusoma kupitia simu, mie nikiwa upande wa pili na koti ndani ya nyumba.

Kiangazi nilifanya mafunzo kwa vitendo kwenye makumbusho moja ambayo sitaitaja. Wiki nane, nauli tu. Mchana nasafisha kikombe cha Kirumi kwa kijiti, usiku nasafisha vyoo vya ofisi, na vyoo ndivyo vilivyolipa kodi ya chumba. Sasa nina mkataba wa miezi kumi na minane. Jirani yangu wa chumba cha pili ni dereva wa basi, na mshahara wake unaupita wangu.

Wengine huniuliza kuhusu vitu vyetu vilivyoko huku. Ngadji, ile ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni 1902, na iko British Museum. Mie si msemaji wa kurudisha wala kutorudisha. Ninachokijua ni lile neno wanalopenda kulitumia watu wa makumbusho ya huku, kwamba sisi hatuna hewa ya kufaa. Basi sikilizeni hadithi ya hewa hiyo. Wakati wa vita vya pili, picha za National Gallery ya London zilifichwa kwenye machimbo ya mawe ya Manod, hapa hapa Wales kaskazini. Ndani ya mlima, joto la nyuzi 17 na unyevu wa asilimia 42, bila kupanda wala kushuka. Picha zikatulia, na funzo lile likachangia sana viwango vya hewa vya makumbusho baada ya vita. Dawa ilikuwa ule utulivu. Mlango wa Unguja uliozoea unyevu wetu miaka mia na hamsini, ukiukausha ghafla kwa kiyoyozi eti unautunza, utapasuka.

Lakini nisijikoshe kwa maneno. Tarehe 25 Desemba 2020 nilitazama kwenye simu Beit al Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, likiwa limeporomoka upande wa mbele, na watu wamekufa. Lile halikuhitaji mtu wa kijiti na pamba. Lilihitaji paa lisilovuja na mtu wa kupanda juu kuliangalia.

Kwa hiyo, mpwa wangu, uje? Bila ufadhili wa miaka yote miwili, hapana. Bila kemia, hapana pia. Rudia kemia ya kidato cha sita kwanza. Wakati huo huo fuatilia kozi fupi za ICCROM, shirika la kimataifa la kuhifadhi urithi lililoko Roma, na usome mpango wao wa RE-ORG wa kupanga stoo za makumbusho yenye fedha kidogo. Nikipewa kazi nyumbani kesho, ndio nitakaoanza nao.

Na leo jioni nenda chumbani kwa bibi. Kaa saa nzima mbele ya lile sanduku lake lenye misumari ya shaba. Usiliguse. Andika unachokiona ukurasa mmoja, pamoja na ule ukijani unaozunguka misumari, unitumie. Ukichoka nusu ukurasa, nafasi za ualimu bado zipo. Na mwambie mama yako Idi hii asilipake Brasso.