Barua kwa Mwanangu: Kizibo Chekundu

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika, nasi hatujambo. Umeniuliza kama ubaki na upasuaji wa mtoto wa jicho, au urudi tena darasani usomee neva za macho. Mimi mwalimu mstaafu wa hesabu nitakujibu nini? Nitakwambia habari ya kizibo.

Ulikuwa umeshaachishwa ziwa, unakimbia. Mama yako akawa anajigonga mabega kwenye miimo ya milango, na sindano hawezi kuitunga uzi. Mjini wakamuuzia miwani, kisha miwani mingine. Akirudi kulalamika anaambiwa macho mazima, mama, labda una mawazo. Neno hilo linanichoma hadi leo. Mtu akisema haoni, haoni.

Yule daktari mzee hakuanza na mashine. Alikaa wakatazamana, akamziba jicho moja, akatwaa kizibo chekundu cha chupa ya dawa ya matone, akakileta polepole kutoka upande wa sikio. Huko pembeni mama yako alikiona kijivu. Kilipovuka usawa wa pua akaruka: "Ee, kumbe chekundu!" Jicho la pili hivyo hivyo. Daktari akakiweka mezani, akauliza: "Siku zako zilikatika lini? Na maziwa bado yanatoka?" Mbele ya mkwewe! Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi yako ndiye aliyejibu, tena kwa sauti.

Kilikuwa kivimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo chini ya ubongo inayotawala hata maziwa na siku za mwanamke, kikizisukuma kwa chini neva za macho pale zinapopishana. Picha ya kichwa ilikuja kuthibitisha tu. Kisu hakikuhitajika; alipewa vidonge vya bromokriptini, na haikupita miezi akawa anatunga uzi mwenyewe.

Ule utani wenu, kwamba neva ikivimba nyuma ya jicho mgonjwa haoni kitu na daktari akichungulia jicho naye haoni kitu, ulipousimulia sikucheka. Mtu akisema haoni, haoni.

Najua, kazi hiyo ya neva haina pesa: mgonjwa mmoja saa nzima, na mwisho hakuna hata upasuaji wa kulipisha. Tena mtoto wa jicho ndiye anayepofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani. Wale nao ukiwaacha, nani atawafanyia? Hapo sina la kukubishia. Ila huyo Frank Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, unayemsifu kila ukipiga simu, si naye alikuwa daktari wa macho kama wewe, kabla ya lile buku lake la neva za macho la 1947? Basi, nisikuvute. Wenye kivimbe kama cha mama yako ni wachache, hesabu naijua. Lakini hao wachache wanakwenda kwa nani? Kwa muuza miwani?

Mama yako anasoma begani kwangu, anasema nisikuchagulie. Sijakuchagulia. Nimeona tu niseme kwamba machungwa ya Muheza mwaka huu yamekubali, kama tatizo ni ada.

Baba yako