Taya Lililojengwa Upya, Damu na Oksijeni: Majibu kwa Wasomaji

Daktari, kaka yangu amekatwa sehemu ya taya la chini kwa sababu ya ameloblastoma, yaani uvimbe unaoota ndani ya taya, na sasa wanataka kuchukua mfupa wa mguuni ili kuziba pengo. Je, ataweza kutembea?

Ataweza. Mfupa huo ni fibula, ule mwembamba ulio upande wa nje wa mguu, chini ya goti. Uzito wa mwili hubebwa karibu wote na mfupa wa mundi ulio kando yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya fibula huweza kutolewa, mradi zibakizwe sentimita 6 hadi 8 hivi juu ya kifundo ili kisiyumbe. Atatembea kwa magongo mwanzoni, na huenda kidole gumba cha mguu huo kikabaki dhaifu kidogo.

Sababu ya kuuchagua mfupa huu si urefu wake peke yake, ingawa unaweza kutoa zaidi ya sentimita 20. Fibula hutolewa pamoja na mshipa wake wa damu, na mshipa huo huunganishwa na mishipa ya shingoni chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mfupa wenyewe hukatwa katika sehemu mbili tatu ili upate pembe na mviringo wa taya, kisha hushikizwa kwa bamba la titaniamu. Kwa hiyo unahamia mdomoni ukiwa hai.

Mume wangu amefanyiwa upasuaji huo juzi, na muuguzi anamfunua kinywa kila saa, hata usiku wa manane, na mara nyingine kumchoma sindano kwenye kipande cha ngozi kilichopandikizwa. Hawamchoshi?

Wanamchosha, lakini waacheni. Ngozi ile, iliyotolewa mguuni pamoja na mfupa, ndiyo dirisha la kuutazamia mfupa uliofichika chini yake. Tone la damu nyekundu linalotoka taratibu ni dalili njema. Damu nyeusi inayobubujika haraka huonyesha kwamba mshipa wa kurudisha damu umeziba, na ngozi iliyopauka isiyotoa damu kabisa huonyesha kwamba damu haifiki. Katika hali zote mbili mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara moja, kwa kuwa saa chache zinatosha kuupoteza mfupa wote.

Jirani yangu aliwekewa mfupa wa nyonga usio na mshipa wowote, na amepona vizuri. Kwa nini wengine wasifanyiwe hivyo, maana ni rahisi zaidi?

Njia hiyo hufaa pengo fupi, kwa kawaida lisilozidi sentimita 5 au 6, ambapo fizi na nyama zinazolizunguka ni nzima na hazijapigwa mionzi. Mfupa wa namna hiyo huishi kwa damu ya kuazima kwa majirani, na majirani wakiwa hawana kitu, huyeyuka kidogo kidogo au hutunga usaha.

Mama yangu alipigwa mionzi miaka sita iliyopita baada ya kuondolewa saratani ya kinywa. Anahitaji kung'olewa jino, na tumeambiwa kwanza aingie kwenye chemba ya oksijeni mara 20, kisha mara 10 baadaye. Ni lazima?

Hesabu hiyo ya 20 na 10 inatokana na kazi ya Robert Marx, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeeleza mwaka 1983 kwamba mfupa uliopigwa mionzi hupungukiwa na mishipa ya damu, seli hai na oksijeni, ndiyo maana kidonda kidogo cha jino huweza kugeuka kuwa mfupa uliokufa na kubaki wazi kwa miezi. Ndani ya chemba mgonjwa huvuta oksijeni tupu kwa takriban dakika 90, katika shinikizo la mara 2 hadi 2.4 ya lile la kawaida, na oksijeni hiyo nyingi huchochea mishipa midogo ya damu kuchipua upya. Katika utafiti wa 1985 wa wagonjwa 74 waliong'olewa meno, mfupa ulikufa kwa 11 kati ya 37 waliopewa penisilini na kwa 2 tu kati ya 37 waliopewa oksijeni. Tangu hapo chemba ikawa kama sheria.

Hata hivyo, jaribio kubwa zaidi la Uingereza, lililochapishwa 2019, halikuona tofauti: katika makundi yote mawili, lililopewa oksijeni na lisilopewa, ni takriban wagonjwa 6 kwa kila 100 waliopata tatizo hilo. Kwa maoni yangu, kwa jino moja, ung'oaji wa uangalifu, dawa za kuua vijidudu na kuacha sigara vina uzito zaidi kuliko safari 30 za chemba, ingawa daktari anayeujua mfupa wa mama yako anaweza kuwa na sababu zake, na ni haki yenu kumwomba azitaje. Na ikiwa mfupa umekwisha kufa kiasi cha taya kuvunjika, oksijeni haiwezi kuufufua. Hapo hukatwa sehemu iliyokufa na kuletwa fibula, ambayo huja na damu yake yenyewe.

Chemba hiyo ina hatari?

Mara nyingi ni masikio kuuma shinikizo linapopanda, na dawa yake ni kumeza mate au kupiga miayo. Baadhi huona mbali kwa shida kwa wiki kadhaa, kisha macho hurudi. Degedege hutokea kwa nadra sana. Mwenye pafu lililopasuka na bado halijatibiwa haruhusiwi kuingia. Mgonjwa huvaa nguo za pamba tupu, bila mafuta ya nywele wala marashi mwilini, kwa sababu palipojaa oksijeni cheche moja inatosha kuwasha moto.