Re: Dawa tatu zimeshindwa, sasa wanataja upasuaji wa ubongo

Pole dada, kwako na kwa mdogo wako mwenye kifafa. Unauliza kama kumpasua si kukimbilia mbali mno. Kwa kweli, wengi huchelewa. Dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa ipasavyo zikishindwa kuzuia kifafa, ya tatu huwa na nafasi ndogo. Hapo ndipo mgonjwa anapaswa kuchunguzwa kwa ajili ya upasuaji, na kuchunguzwa si kukubali kisu.

Umesema MRI (picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku) imeonyesha kovu ndani ya ubongo, usawa wa panja. Hiyo ni habari njema, ingawa haisikiki hivyo. Kovu linaloonekana humpa daktari shabaha, mradi kipimo cha umeme wa ubongo, na video ya mgonjwa akipata kifafa, vinaelekeza palepale. Katika utafiti wa Canada wa mwaka 2001, mwaka mmoja baadaye asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji wa eneo hilo hawakuwa na kifafa cha kupoteza fahamu; wa dawa pekee, asilimia 8.

Siku hizi si lazima fuvu lifunguliwe sana. Kuna njia ya kupenyeza uzi mwembamba wa leza kupitia tundu dogo na kuchoma kovu huku MRI ikionyesha joto papo hapo. Mgonjwa huachwa na jeraha dogo, ila kwa wastani njia ya kawaida ya kufungua fuvu hufaulu zaidi kidogo.

Swali la kumbana nalo daktari: kumbukumbu na lugha zitaathirika vipi? Hasa kovu likiwa kushoto. Na dawa asiziache ghafla baadaye.